Maneno Niliyoyalainisha

Iyunga, Mbeya
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Obeid,

Kamwene! Nimeanza na salamu ya nyumbani, maana huko Makongolosi mmechanganyika makabila ya kila namna na huenda wiki inapita hujaisikia masikioni. Hujambo wewe? Wifi yangu Sekela hajambo? Na huyo bibi mdogo, binti yenu Vene, magego yameshamaliza kutoka, au bado anawaliza wote wawili? Kile kifua chako cha vumbi la karasha kimepona, au bado unasaga mawe ya dhahabu ya watu huku unakohoa na kusema ni kawaida? Vaa kitambaa puani, bwana, mapafu hayauzwi dukani. Mimi mwili haujambo. Baridi ya Mbeya imeanza kutuachia, na shuleni tunahangaika na Kidato cha Nne, wamebakiza wiki chache waingie kwenye mtihani na nusu yao bado hawajui kuandika insha.

Utashangaa kupokea barua ya mkono zama hizi, tena kwenye bahasha ya kaki ya shule, imeletwa na kondakta wa basi. Simu ninayo, na salio ninalo. Lakini unanijua. Nikisikia tu sauti yako ikisema shikamoo dada, ulimi wangu utaanza kazi yake. Nitakuuliza mvua, nitakuuliza bei ya mchele, kisha nitakupa nusu ya neno na kukuachia nusu ya pili ukaitafute mwenyewe. Karatasi haiitikii. Nikiandika uongo hapa nitauona kwa macho yangu.

Nimeandika kwa sababu ya ujumbe wako wa Jumatano. Nilikueleza kwamba misa ya mwaka mmoja ya mama ni Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, na kwamba siku hiyohiyo padre atabariki kaburi tulilolijengea. Ukanijibu tusikusubiri. Ukasema mama alikuambia usije kwake mpaka akuite, na kwa kuwa alikufa bila kukuita, huoni sababu ya kwenda kusimama kwenye kaburi la mtu aliyekukataa. Ukamalizia kwa kunishukuru mimi, eti ni dada peke yake ambaye siku zote amekupa habari za nyumbani bila kukuumiza. Nilikuwa ofisi ya walimu nilipousoma. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni pilipili ya mchana. Umeona? Hata hapo.

Najua neno lile la mama lilikuuma, na najua lilikotoka. Ulimwoa Sekela kule Tukuyu mwaka 2021 bila kuja kwanza nyumbani kusema. Mama akazisikia habari za ndoa yako kibandani kwake pale Ilula, akiwa anapanga nyanya kwenye ndoo, kutoka kwa abiria wa basi aliyechungulia dirishani na kumpongeza kwa kupata mkwe. Mbele ya wauzaji wenzake wote! Siku hiyohiyo akakupigia, akakuambia usije kwake mpaka akuite. Wewe nawe una kichwa kama chake, ukasema sawa, nitasubiri. Hata Vene alipozaliwa ukampa jina la mama, Veneranda, na bado ukasubiri.

Sasa nisikilize. Kesho yake baada ya ujumbe wako, Alhamisi, nilikuwa na kipindi cha Kiingereza Kidato cha Tatu, na mada yenyewe ilikuwa misemo. Mungu naye ana utani wake. Msemo wa siku hiyo ulikuwa tread lightly. Nikawaambia wawaze mtu anayepita polepole chumbani mwa mgonjwa, anaangalia pa kuweka mguu. Kwamba Waingereza wakisema hivyo wanamaanisha uliseme jambo zito kwa uangalifu, usimjeruhi unayemwambia. Nikawaambia jambo lenyewe sisi wa Nyanda za Juu tunalijua kuliko wenye lugha yao. Nikatoa mfano wa simu zetu za msiba: kwamba kwetu Iringa huwezi kumwambia mtu kwenye simu kuwa mzazi wake amefariki, unamwambia anaumwa, jitahidi uje. Darasa zima likacheka, maana karibu kila nyumba imeshapokea simu ya namna hiyo. Nikajiona mwalimu wa maana kweli.

Ndipo binti mmoja mpole, anaitwa Andendekisye, akanyoosha mkono. Akauliza kwamba, sasa mwalimu, ikiwa mzazi anaumwa kweli na bado yu hai, watu wa kwenu wanasemaje ili mtoto awahi kumwona? Wala hakuwa na ubishi, aliuliza kama anavyouliza mambo yote. Nikaweka chaki mezani. Nikawapa zoezi, nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya maabara mpaka kengele ilipogonga. Walidhani tumbo limenishika.

Swali lile nilishawahi kulijibu mwaka jana, Obeid, na nililijibu vibaya, na aliyeumia ni wewe.

Niruhusu nianzie kwa kaka yetu Gideoni, ingawa habari zake unazijua. Ulikuwa bado shuleni mwaka ule baba alipofariki. Baba mdogo Filemoni ndiye aliyempigia Gideoni kule Igawa alikokuwa akifanya biashara ya mpunga. Akamwambia kama inavyosemwa, baba anaumwa, njoo haraka. Gideoni hakuhitaji tafsiri. Akalia, akawasha pikipiki, akaondoka na machozi yake, na hakufika hata Makambako. Lori likammaliza. Tukazika wawili wiki moja. Tangu hapo simu ya nyumbani ikiita, mimi nahesabu waliobaki kabla sijapokea.

Basi Oktoba mwaka jana, daktari alinikalisha kwenye benchi la hospitali akaniambia bila kumung'unya maneno kwamba moyo wa mama umepanuka na umechoka, na kwamba tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Akasema kama kuna watu wa kuitwa, waitwe. Mama mwenyewe alikataa kulazwa, akasema anataka kulala kwake asikie mabasi yake. Nikaomba ruhusa shuleni, nikamrudisha nyumbani. Siku hiyohiyo, saa nane mchana, nikapanda kule juu ya shamba la nyanya penye mtandao, nikakupigia. Nilikuwa nimepanga kukuambia yote. Uliposema haloo nikamwona Gideoni. Nikajua nikisema tu mama anaumwa sana, njoo, utaelewa kama tunavyoelewana sisi, kwamba ameshakufa. Na wewe pikipiki unayo, na ule mlima wa kutoka Chunya kushuka Mbeya wote tunaujua. Nikasema mama ana mafua. Mafua, jamani! Nikaongeza kwamba anakohoa kidogo, dawa amepewa, usisumbuke, tutaonana Krismasi.

Mpaka hapo unaweza kunihurumia. Usifanye haraka.

Siku ya tatu ulinipigia wewe. Tuliongea habari za Vene, kisha ukaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mama amekuulizia. Nikakujibu kwamba tumwache apone kwanza, mengine yatafuata. Ukasema sawa, dada. Nilijua umeelewa kwamba hakukuulizia. Nilijua, na nikaliacha neno liende hivyo.

Wakati huo sikuweza tena kusingizia pikipiki. Ningeweza kumpigia Sekela akakushika mkono na kukupandisha basi. Ningeweza kukuambia kaa nisikilize, yu hai, naapa yu hai, ila njoo. Nilichokuwa naogopa sasa ni wewe kujua kwamba siku ya kwanza nilikudanganya. Nilishasema mafua, ningeyageuzaje kuwa moyo? Kila siku iliyopita ukweli ulizidi kuwa mgumu kutamka, nami nikazidi kukupa habari laini.

Na kuna jingine, hili hata kwenye kitubio sikulisema lote. Nilipenda kuwa mtoto peke yangu. Wewe ulikuwa kitinda mimba, mama akikuona tu anacheka kabla hujasema kitu. Mimi nilikuwa wa kutumwa na kutegemewa. Zile siku kumi na moja alikuwa anakunywa uji wa mkono wangu tu, majirani wakija wananisifu mbele yake, na yeye anatikisa kichwa kukubali. Utamu ule niliuonja, Obeid. Nina miaka arobaini na mitatu na naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa majirani na kwa Baba mdogo Filemoni nilisema nimeshakupa taarifa kamili. Kwa hiyo siku zilipokatika nawe huonekani, wakaamua kwamba dhahabu imekumeza, umekuwa na roho ya jiwe. Msibani uliona Baba mdogo alivyokupa mkono wa juujuu. Uliona akina mama wa jumuiya walivyonyamaza ulipoingia uani. Baadaye ukaniambia wanakuadhibu kwa ajili ya kumwoa Sekela. Hapana. Hakuna aliyekuwa na neno na Sekela. Walikuwa wanamtazama mtoto aliyeambiwa mama yako anakufa, akakataa kuja. Mimi nilikuwa palepale jikoni nasonga ugali wa wafiwa, nikaendelea kusonga.

Alipofariki nilikupigia nikasema amezidiwa, panda basi la asubuhi, pikipiki usiiguse. Ukateremka Ilula kesho yake, ukaliona turubai uani kwetu, ukakaa kwenye tenga tupu pale kibandani na mkoba wako mgongoni. Siku ya kuanua matanga Baba mdogo akasimama akanisifu mbele ya watu, kwamba msiba nimeufikisha kwa hekima, sikumwangusha mtu barabarani, kweli huyu ni mwalimu. Watu wakapiga makofi. Nawe ulipiga. Halafu jioni ukanifuata penye karo la vyombo, ukaniuliza mama alisema nini juu yako. Nikakuambia alilala tu kwa amani, hakusema mengi.

Basi nimezunguka mbuyu vya kutosha, na bahasha haina nafasi ya karatasi nyingine.

Mama alikuita.

Alikuita siku ileile tuliyotoka hospitali, kabla hata sijamvua viatu. Alisema nimpigie Obeid, nimwambie mama amesema aje, aje na mkewe, na amlete huyo mtoto aliyepewa jina lake amwone. Alisema hajawahi kumchukia Sekela hata siku moja, kilichomuuma ni kupewa habari za mwanawe na mpita njia. Akasema hasira yenyewe ilishaisha zamani, ila aliona aibu kuanza yeye kupiga simu. Nilipopanda juu ya shamba saa nane ile, huo ndio ujumbe niliokuwa nimeubeba. Nikakupa mafua badala yake.

Kesho yake akaomba simu aongee nawe mwenyewe. Nikamwambia Makongolosi hakuna mtandao, mnara umeharibika. Kwa sauti ile iliyokuwa imembakia, angesema neno moja tu ungejua si mafua. Akaomba tena keshokutwa yake. Siku ya tano nikaona anavyokodolea mlango, nikamwambia nimekupata, unamalizia kazi, mnakuja. Yaani yeye naye nikamlainishia. Ninyi wawili mkawa mnasubiriana, na mimi katikati nawapoza kila mmoja kwa upande wake.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja alikataa uji. Akaniuliza tu uko wapi. Nikaogopa asije akakata tamaa, nikamwambia mmeondoka alfajiri, wewe na Sekela na mtoto. Loo, Obeid, ungeuona uso wake! Kuanzia hapo nikawa nakusafirisha. Saa nne nikamwambia mmeingia Mbeya, mnabadilisha basi. Saa sita akauliza kama mmepita Igawa, maana kipande kile alikuwa anakiogopa tangu Gideoni. Nikasema mmepita salama, akashusha pumzi. Nikawapitisha Makambako, nikawapitisha Mafinga. Akauliza kama mtoto hatapiki ndani ya basi. Nikasema amelala mapajani kwa mama yake. Mambo madogo kama hayo yalinitoka bila taabu, ndiyo kazi niliyoizoea.

Saa kumi nikamwambia mmefika Ipogolo, bado kama saa moja tu. Akaniomba nimfunge kitenge chake kipya, na nimwinue akae, hataki umkute amelala. Nikamwinua nikamwegemeza kwenye mito, nikafungua mlango wote aione barabara. Kila basi lililosimama kwa wauza nyanya aliuliza kama ni lenu. Nikasema hapana, ni lijalo. Alikufa amekaa, Obeid, uso ameuelekeza barabarani. Neno lake la mwisho lilikuwa kunituma nikabandike maji ya chai, kwamba mtafika mmechoka.

Saa hiyo wewe ulikuwa unalisha mawe kwenye karasha, umeambiwa mama ana mafua.

Sikuombi unisamehe. Nikiomba nitakuwa nakutafutia njia ya kunipoza mimi, na zamu hiyo si yako. Baba mdogo nimeshamweleza yote juzi kwa simu. Akasema yeye pia ana simu moja aliyowahi kupiga, anaikumbuka kila siku, na kwamba nisithubutu kulala kabla sijaanza kukuandikia. Kwa katekista nimeomba nafasi baada ya misa. Nitasimama mbele ya watu walewale walionipigia makofi, nitawaambia kwamba Obeid hakuwahi kuambiwa, na kwamba mama yake alimwita mpaka pumzi ya mwisho. Nitasema uwepo usiwepo. Lakini wewe ndiye uliyeitwa, na ukibaki huko kwa sababu ya ulimi wangu, nitakuwa nimekunyima mama mara mbili.

Nisalimie sana Sekela, mwambie mama mkwe wake alimtaja kwa jina. Mbusu Vene mashavu yote mawili. Jirani yenu yule wa Kisafwa aliyenipa viazi nilipokuja kuwatembelea, mwambie namkumbuka. Dawa ya kikohozi nimeifunga pamoja na bahasha, kunywa yote, usiishie katikati ukijisikia nafuu.

Nitakuwa stendi ya Ilula Ijumaa ya tarehe 11, kuanzia mchana. Ukiteremka ukanipita bila salamu, nitajua barua imefika.

Ni mimi dada yako,
Matilda Kalinga